Zuhura, Naandika Kwenye Daftari Lako la Kliniki

Shoga yangu Zuhura,

Salamu za huku duniani nakuletea mie, Mama Shani, yule uliyekuwa ukimwita redio isiyotaka betri. Najua utashangaa. Mie na kalamu wapi na wapi? Lakini si tulikaa dawati moja kwenye kisomo cha ngumbaro, wewe unaandika, mie naongea, mpaka mwalimu akanihamishia mbele? Hicho kidogo nilichoibia ubaoni ndicho nakitumia leo. Herufi zikilala chali zisamehe.

Na usikasirike nikikwambia naandikia wapi. Naandika kwenye daftari lako. Lile la kliniki, lenye jedwali la kuzidisha kwa nyuma na doa la mafuta ya taa pembeni. Mwanao Mwajuma alinipa, siku aliyokuja kutoka kwake Mabibo kugawa vitu vyako baada ya arobaini. Mie nikapata kikoi, kinu na hili daftari, maana lilikuwa na kurasa nyingi nyeupe na wote tunajua mie situpi kitu. Lililonipata nalo nitakwambia. Ila ngoja kwanza nikupe habari, maana najua ungeanza na lile lako, "Haya Mama Shani, huko kunasemwaje?"

Kunasemwa siasa, shoga. Umeondoka vyama vingi vikiwa bado habari ya redioni. Sasa vimefika mpaka uani. Tandika yote bendera, hadi mti wa mpapai wa kwa jirani yetu Bi Tatu una bendera. Kabla ya kura, kila jioni kulikuwa na gari linapita na spika, ukiwa unakoroga unga wa vitumbua unajikuta unakoroga kwa mdundo wao. Wagombea urais zaidi ya mmoja! Mie nilikuwaga nadhani rais ni kama mwezi, unakuwa mmoja tu huko juu na wewe unauangalia. Leo unaambiwa chagua. Watu wameingia wazimu. Mtu na mumewe hawaongei. Kinyozi wa pale kona ameandika ubaoni kwamba habari za siasa mwisho mlangoni, na yeye mwenyewe ndiye anayezianza.

Mie maoni yangu nilishayatoa bombani, hawakunisikiliza, nakupa wewe. Mie nilisema hivi, anayetaka urais tusimsikilize maneno, maneno hata mie ninayo. Azunguke uwanja wa shule kwa miguu mara mbili tumuone pumzi yake. Halafu apewe kichupa akatoe mkojo kama sisi. Halafu akae benchi la nyuma pale zahanati siku ya Alhamisi, na daftari lake la kununua mwenyewe, na glavu zake mkononi maana siku hizi ukienda uende nazo, asubiri mpaka nesi amalize chai. Akitoka hapo bado anaupenda urais, mie kura yangu achukue.

Walicheka mpaka Bi Tatu akamwaga ndoo. Lakini nilipotaja benchi la nyuma, Zuhura, mie mwenyewe nilijitwika ndoo nikaondoka.

Unajua kwa nini. Au labda hujui. Mie siku zote nimejiuliza kama uliondoka unajua.

Unakumbuka ile Alhamisi? Mie nilikuwa nimepeleka vitumbua kwa manesi wa chanjo, natoka zangu kwa mlango wa uani, nikakuona. Umekaa benchi la nyuma, kwenye ile baraza wanayokaa wa kifua kikuu, wa presha, wa sukari, na wale wengine. Wale ambao ugonjwa wao hata jina tunalizungukaga. Watu wa Tandika walishalipa benchi lile maana moja tu, aliyekaa pale ndio basi. Na wewe ulikuwa umeshaanza kupungua, mashavu yameingia ndani. Ulinipungia mkono, Zuhura. Ulinipungia mkono ukacheka na lile pengo lako, na mie nikakupungia.

Kutoka pale mpaka bombani ni dakika ngapi? Ndoo yangu haikuwa imejaa nusu. Nikasema, "Jamani, nimemuona Zuhura benchi la nyuma." Basi. Ugonjwa sikuutaja. Naapa sikuutaja. Nilifanya hivi tu, nikaziba mdomo kwa ncha ya khanga nikatikisa kichwa. Bi Tatu akasema, "Ala! Kumbe ndio maana." Wote wakanyamaza. Na mie, shoga, nitakwambia ukweli wangu wote leo, ule ukimya niliuona mtamu. Mie ndiye niliyeuleta.

Kabla ya Ijumaa kupita habari ilishafika Mtoni na kurudi ikiwa imenenepa. Na wewe huku unakonda.

Halafu ikaja arusi ya mtoto wa Bi Tatu. Sie wote uani tunapika, wewe kama kawaida yako umeshakalia mbuzi, unakuna nazi, hakuna mtu Tandika nzima anayekuna nazi kama wewe. Bi Tatu akaja na tabasamu lile la kumpa mtu sumu, akakushika bega, akasema, "Pumzika, Bi Zuhura. Wewe pumzika tu, mwenzetu." Akakuinua kwenye mbuzi kistaarabu kabisa. Nazi uliyokwisha kuikuna akaisogeza pembeni, na baadaye niliona anawamwagia kuku. Ukaja ukakaa karibu yangu kwenye jamvi. Ukaniuliza taratibu, "Mama Shani, mie nimekosa nini?"

Na mie nikakujibu, "Watu tu shoga. Watu wana midomo."

Mola ananiona ninavyoandika hapa.

Alhamisi iliyofuata hukwenda kliniki. Wala iliyofuata. Ukatokwa na kidonda mguuni, kikawa kikubwa, na sie tukasema, si mnaona? Ukavaa magauni mawili ili uonekane unao mwili. Ukaacha kutoka. Mie nilikuwa nakuletea uji, Zuhura, utanikumbuka kwa ule uji angalau. Nakuletea uji, nakaa, nakupa habari za watu wengine wote. Yako tu ndiyo sikukupa.

Sasa nikueleze la daftari.

Mwaka haujaisha tangu tukuzike, mie nikaanza kiu. Kiu gani ile! Nakunywa mtungi, nakojoa mtungi. Naamka nimechoka kama niliyetwanga. Halafu siku moja nafunga khanga kiunoni, nikaona ncha imekuwa ndefu. Wewe unajua kiuno changu, khanga ilikuwa inafika kwa kusihi. Sasa inazunguka na nyingine inabaki mkononi. Nikakaa kitandani na ile ncha nikaiangalia kama nyoka. Baba Shani akasema, "Mama Shani mbona unarudi usichana?" anacheka. Mie nilicheka naye.

Nikaenda zahanati. Nikajiambia daftari la nini kununua, kuna lile la Zuhura, kurasa zipo. Kwa juu lina jina lako lakini mvua ilishalifuta nusu. Nikampa nesi, nesi mgeni, wa bara huko, mkali lakini ana sura nzuri. Akafungua kurasa za nyuma. Akasoma. Akasoma tena. Akanitazama akavua miwani.

"Mama," akasema, "sukari yako ilikuwa inashuka vizuri kabisa. Ulikuwa unafuata dawa vizuri. Kwa nini uliacha kuja?"

Zuhura, mie mdomo huu, ambao hata msibani wananiomba nipumzike, nilibaki natafuna ncha ya khanga.

Akaendelea kunigombeza. "Mtu mzima unaacha dawa! Ukija tu utaishi mpaka wajukuu waolewe. Nani kakwambia uache?" Ananiuliza mie. Kwa daftari lako. Nilikaa pale nikagombezwa kugombezwa kwako kote, sikumwambia daftari si langu mpaka machozi yaliponitoka, akadhani nimeogopa sindano, ndipo nikamwambia ni la marehemu.

Sukari. Sukari tu, shoga. Ilikuwa inashuka.

Na hata ungekuwa nao ule mwingine, mie ni nani wa kukuzibia mdomo kwa ncha ya khanga? Mwenye nao anaumwa kama anavyoumwa mwenye presha, na benchi ni hilo hilo. Hili nimelijua nikiwa nimechelewa, lakini nimelijua.

Basi nikapimwa, na mie sukari. Nesi akafungua ukurasa mpya, akaandika tarehe ya kurudi, akasema nile mlo fulani, vitumbua nipike nisionje, na nitembee. "Tembea haraka, mama, nusu saa kila asubuhi, utoke jasho." Nikamwuliza natembea naenda wapi. Akasema huendi popote, unatembea tu. Mie nikamwangalia. Umeshaona wapi mtu mzima Tandika anatembea haraka haendi popote? Wanaokimbia ni wanajeshi na wacheza mpira.

Siku ya kwanza nikatoka na khanga zangu mbili, mikono mitupu, nakwenda mwendo wa askari. Nafika kwa muuza mkaa, nasikia nyuma yangu, "Mama Shani! Msiba wapi?" Sikujibu, pumzi hamna. Kugeuka, wapo watatu wananifuata, wameshajitanda khanga vichwani, mmoja ameshaanza kulia! Wanasema mtu mzima haendi vile bure, lazima kuna maiti. Nikawaambia ni mazoezi. "Mazoezi ya nini?" Hapo ndipo nilipokwama. Nikisema sukari, wataniuliza nimejuaje, nimekaa wapi, benchi gani. Nikawaambia kuna msiba kweli, Yombo, lakini nimesikia wameshazika. Wakarudi. Na mie nikarudi. Sikutembea tena.

Na tarehe ya kurudi ilipofika sikwenda. Unaona? Kama wewe. Nilisimama mlangoni nimevaa, daftari kwapani, nikamuona Bi Tatu anafagia. Nikarudi ndani nikavua. Niliwaza hivi, mie nilichokufanyia wewe ndicho watakachonifanyia, maana mie ndiye niliyewafundisha.

Hapo ndipo nikaingia kwenye ujinga wa khanga za kampeni. Wagombea walipita wakigawa khanga, za huku nikachukua, za kule nikachukua, kura ni siri lakini khanga ni khanga. Nikawa nazizungusha ndani ya gauni. Mgombea mmoja tumboni, mwenzake nyuma kuleta umbo. Shoga, nilirudisha mwili wangu wote! Bi Tatu akanisifu, "Mama Shani siku hizi umenawiri." Jua la Dar na khanga zile, nilikuwa natoka jasho mpaka kwenye kope, lakini nimenawiri.

Siku ya kura ikafika. Tumejipanga toka asubuhi, karatasi hazijafika. Saa zinakwenda, jua linapanda, watu wanaimba, wanagombana, wanaimba tena. Mie sijala, kiu imenikamata ulimi, na wagombea wangu wawili wamenibana. Mbele yangu Bi Tatu anasema, "Mwaka huu mie sisemi nampa nani." Nikataka kumjibu, nikaona midomo yake inakwenda sauti haiji. Halafu nikaona mchanga.

Nilipopata fahamu wako juu yangu kina mama kama saba. Wananipepea, mmoja anasema "mfungueni apate hewa," wamefungua gauni, wanavuta khanga. Wakatoa moja, ya chama hiki. Wakatoa ya pili, ya chama kile. Kukawa na kicheko! Mmoja akapiga kelele, "Njooni muone, huyu amewaoa wote wawili!" Foleni nzima inacheka. Hata mie nikacheka, chali pale mchangani. Wakatoa ya tatu. Ya nne.

Halafu wakafika kwangu mwenyewe. Kwenye mbavu.

Kicheko kikakatika. Bi Tatu akashika ncha ya khanga yake akaziba mdomo. Akatikisa kichwa.

Ule ukimya niliujua, Zuhura. Niliujua kama mtu anavyojua sauti ya mlango wa kwake. Ni wa kwangu. Niliutengeneza mie, na ulikuwa umezunguka mtaa mzima ukarudi kunitafuta.

Nilisaidiwa kunyanyuka nikapelekwa kivulini, hakuna aliyenipa maji kwa kikombe chake. Kura sikupiga. Baadaye wakatangaza kura za Dar zirudiwe kwa vile vurugu zilikuwa nyingi, basi watu wakaenda tena. Mie nilibaki ndani. Nimesema weee kuhusu marais, maoni tele, na siku ya kusema kwa karatasi nimejifungia chumbani kwa kuogopa macho ya watu. Sasa rais amepatikana, na mie sikuwemo. Hilo nalo linaniuma kuliko nilivyodhani.

Tangu siku hiyo vitumbua havitoki. Narudi na sinia limejaa. Juma lililopita kulikuwa na hitma kwa jirani, nikaenda nikakalia mbuzi nikune nazi. Nilikuwa nimekuna kifuu kimoja. Nikahisi mkono begani.

"Pumzika, Mama Shani. Wewe pumzika tu, mwenzetu."

Maneno yale yale. Sauti ile ile. Niliangalia pembeni yangu kwenye jamvi, nikatafuta wa kumuuliza nimekosa nini. Hapakuwa na mtu. Na mie nilikuwa najua nimekosa nini.

Zuhura, naogopa. Nacheka mchana kutwa ili nisisikike ninavyoogopa. Kidole changu cha mwisho, mguu wa kushoto, kimepasuka kwa kandambili na hakitaki kupona. Nakiangalia kila asubuhi. Kidonda chako kilianza hivi hivi, nilikiosha mie kwa maji ya chumvi, nakikumbuka kilivyokuwa kidogo. Naogopa kidole. Naogopa kufa kwa kitu ambacho kinashuka ukienda kliniki. Na bado, utaamini mwendawazimu huyu, naogopa benchi zaidi ya kaburi.

Kesho ni Alhamisi.

Leo nimefanya jambo moja. Nimefua zile khanga za kampeni zote nne, nimezianika uani mbele kabisa, kila anayepita kwenda bombani azione. Wagombea wawili kwenye kamba moja wanapigwa na upepo, hawagombani. Bi Tatu amepita na ndoo. Akaangalia kamba, akaniangalia mie nimekaa kizingitini na gauni moja, khanga moja, mifupa yangu nje. Akasema, "Mama Shani, hujambo?" Nikamwambia, "Sijambo sana, Bi Tatu. Kesho saa za maji usikose bombani, nina habari." Akaweka ndoo chini pale pale. "Habari ya nani?" Unamjua alivyo. Nikamwambia, "Kesho."

Kwa hiyo nimeshajifunga, siwezi kurudi nyuma, habari iliyotangazwa bombani lazima itoke.

Nakuahidi hivi shoga yangu, na Mola ndiye shahidi. Kesho sitapita njia ya uani. Nitapita bombani wakati wamejaa. Nitawaambia Zuhura alikuwa na sukari, na ilikuwa inashuka, na aliyemuondoa kwenye benchi ni mie kwa mkono wangu, kwa ncha ya khanga yangu. Nitawaambia na mie ninayo, na nakwenda kukaa pale pale alipokaa. Wakinizibia midomo, wazibe. Wakiamini vingine, waamini. Halafu nitatembea mpaka zahanati mwendo ule wa askari, na atakayeniuliza msiba wapi nitamwambia upo, ulishapita, mie ndiye mfiwa na mie ndiye niliyeusababisha.

Kwako msamaha siombi kwa barua, barua nyepesi mno. Nitauomba kila Alhamisi kwa kukaa pale.

Lala salama, Zuhura wangu. Mola akupanulie mahali pako, akupe kivuli na maji baridi na mbuzi ya nazi ambayo hakuna atakayekuinua juu yake. Mie sina haraka ya kuja, usiniite, tutaonana nikishazeeka sana na habari nyingi.

Daftari nakwenda nalo. Baada ya ukurasa huu kuna mweupe, nimeuacha makusudi. Nesi ataandika hapo sukari yangu, chini ya maneno yangu haya, nyuma ya yako. Akiyasoma, ayasome.

Mimi mwenzako,
Mama Shani